NANI TUMTUNZE DESEMBA 9: HOTUBA YA KATIBU WA TAWI

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wajumbe wa Kamati ya Siasa, mabalozi wa mashina, viongozi wa UVCCM, UWT na Wazazi, ndugu wanachama.

Kidumu Chama cha Mapinduzi!

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wa tawi. Nayatuma hapa kwa waliokuwa shamba au mnadani.

Ndugu zangu, kila Desemba 9 tunakusanyika, tunaimba, tunakula pamoja, kisha tunawatunza viongozi wa jamii yetu. Ni desturi nzuri. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini orodha ya awali ya mwaka huu imeleta manung'uniko, na manung'uniko hayo nimeyasikia. Majina karibu yote ni ya wenye vyeo. Mwanachama mmoja kaniuliza, "Katibu, hivi sisi wengine uhuru hautuhusu?" Swali hilo linastahili jibu.

Turudi nyuma kidogo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha huku kwetu, Mbulu, enzi hizo wilaya moja kubwa yenye Hanang, Babati na Karatu ndani yake. Mgombea wa TANU alikuwa Chifu Amri Dodo, mtu mwenye jina na heshima. Akashindwa na Herman Sarwatt, naye mwana TANU, aliyesimama kama mgombea binafsi. Simtaji Chifu kwa kumdharau. Wote wawili ni wazee wetu. Ninachosema ni kwamba cheo na jina kubwa havikutosha. Wananchi walikuwa na mtu wao, wakamchagua. Na uhuru haukukwama kwa hilo: Desemba 9, 1961 bendera ilipanda, na Mbulu ikiwemo.

Basi heshima ni hivyo hivyo. Tukimvika mgolole mtu ambaye majirani zake hawajui alichofanya, watapiga makofi kwa adabu na wakifika nyumbani watacheka.

Sasa tutazame karibu. Desemba 3, 2023 Mlima Hanang ulishusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Tulizika ndugu zetu wengi. Siku sita baadaye ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, na hakuna aliyekuwa na moyo wa ngoma. Lakini wiki ile ndiyo tuliyowaona viongozi. Kuna waliotafuta watu kwenye tope kwa majembe na mikono. Kuna akina mama waliopika kwa masufuria yao wenyewe. Kuna waliofungua nyumba zao, wakalala wanane chumba kimoja ili wageni wapate pa kulala. Wengi wao hawana cheo chochote, na wengine hawana kadi yetu.

Najua hapo kuna atakayeguna: "Tumtunze hata mpinzani?" Ndiyo, ndugu yangu. Februari 5 ni siku ya kuzaliwa kwa Chama, hiyo tutunzane wenyewe. Desemba 9 ni ya nchi. Mwiraqw, Mdatoga, Mnyaturu, mwenye kadi na asiye nayo, wote ni yao. Tope lile halikuuliza kadi ya mtu.

Kwa hiyo Kamati ya Siasa imekubaliana haya:

1. Kila balozi aitishe kikao cha shina, kiwe wazi kwa majirani wote. Walete jina moja na sababu yake kwa maneno mawili matatu: alifanya nini, lini, kwa nani. "Ni mtu mzuri" si sababu.

2. Mwenye cheo anaruhusiwa, ila kwa kazi aliyoifanya nje ya wajibu anaolipwa posho.

3. Majina yasomwe hadharani siku saba kabla. Mwenye pingamizi aseme mapema, asingoje siku ya sherehe.

4. Zawadi ni mgolole au blanketi, na cheti. Hakuna bahasha. Baridi yetu mnaijua, blanketi halitakaa kabatini.

5. Mchango ni hiari, na kila shilingi itaandikiwa risiti. Mimi ni mtu wa mahesabu. Mapato na matumizi nitayabandika ukutani ofisini na kuyatuma humu ndani ya wiki moja baada ya sherehe. Asiye na fedha alete debe la mahindi au kuni. Asiye nacho kabisa aje mwenyewe, sahani yake ipo.

Mabalozi, ule mzee anayesuluhisha ugomvi wa mipaka bila kudai hata soda, yule mama anayewasindikiza wajawazito usiku hadi zahanati, mnawajua nyie kuliko ofisi. Tuleteeni majina yao.

Kidumu Chama cha Mapinduzi!

Katibu wa Tawi