Usiku wa Ziada Horombo: Siku za Kupanda kama Kinga ya Ugonjwa wa Mwinuko Kilimanjaro

Mada hii inatetea jambo moja: kinga kuu ya ugonjwa wa mwinuko ni siku, na anayemuuzia mgeni safari ya siku tano kwa njia ya Marangu amemnyima kinga hiyo kabla hajafika getini. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa tazameni vituo vya kulala vya Marangu. Mandara iko kwenye mita 2,720 hivi, Horombo 3,720, Kibo 4,700 na ushei. Kila hatua kati ya vituo hivyo ni mita 1,000 hivi, na usiku uleule wa Kibo mgeni huamshwa aelekee Uhuru, mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Asilimia ya oksijeni haibadiliki, ni 21 hata kule. Kinachopungua ni msukumo wa kuipenyeza damuni. Mwili hujibu kwa kupumua kwa kasi, na figo hurekebisha kemia ya damu, kazi inayotaka siku kadhaa.

Wapo watakaosema kijana mwenye mazoezi hahitaji siku hizo. Misuli haimkingi mtu na ugonjwa huu. Huweza hata kumponza, maana humwezesha kupanda haraka kuliko damu yake inavyoweza kuzoea. Wengine watataja Diamox. Dawa hiyo inasaidia kweli, kwa kuwa huchochea upumuaji, lakini wanaoimeza nao huugua wakiharakishwa. Pingamizi zito ni gharama, kwa sababu ada za hifadhi hutozwa kwa siku na mteja hulinganisha bei. Nalikubali hilo. Hata hivyo siku ya sita, ya kupumzika Horombo, ni nyongeza ndogo kando ya nauli ya ndege aliyokwisha kulipa, na kwa njia ya Machame msafara hupita Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uanze kuzoea juu lakini ulale chini.

Tunayemsahau ni mgumu, yule mpagazi anayebeba mzigo. Mgeni huulizwa kila jioni kama kichwa kinamuuma, kama amekula, kama anatapika. Mpagazi haulizwi, naye hunyamaza akihofia ujira wake. Kunyamaza huko ni hatari, maana ubongo ukianza kuvimba, mtu akapepesuka, au mapafu yakijaa maji akahema hata akiwa ameketi, tiba ni kushuka papo hapo, hata usiku, bila kungoja helikopta ambayo ukungu unaweza kuizuia. Kwa hiyo napendekeza ukaguzi wa jioni uwahusu wote walio kambini, na mpagazi anayeteremshwa kwa ugonjwa alipwe ujira wa safari nzima.