Kwa Nini Wagonjwa Huchagua Kupasuliwa Kidole Gumba



Picha ya eksirei peke yake si sababu ya kupasuliwa. Tunalitanguliza hili kwa kuwa wengi huamini kwamba kiungo kilicholika sana ndicho kinachouma sana. Sivyo, wapo ambao gegedu limekwisha shinani mwa kidole gumba, nao hawalalamiki.

Kinachomfikisha mtu kwenye upasuaji ni maisha ya kila siku: ufunguo usiogeuka, kifungo cha shati kisichofungika, mwiko unaoponyoka ugali ukiwa bado jikoni, na usingizi unaokatizwa na maumivu. Tena huwa amekwisha kujaribu gango la kidole, dawa, mazoezi, na pengine sindano ya steroidi ambayo nafuu yake haikudumu. (Anayeshauriwa kupasuliwa kabla ya kujaribu hayo ana haki ya kuuliza sababu.)

Upasuaji uliozoeleka huondoa mfupa mdogo uitwao trapeziamu. Wapo madaktari wanaoongeza kazi ya kupandikiza kano. Tafiti hazijathibitisha kwamba nyongeza hiyo ni bora kuliko kuondoa mfupa tu. Ulizeni kabla ya kulipa. Maumivu kwa kawaida hupungua sana, lakini mkono hufungwa kwa wiki kadhaa, na nguvu hurudi polepole, kwa miezi. Mama lishe au fundi cherehani azihesabu siku hizo pamoja na bei ya hospitali, kwa kuwa hazitaandikwa kwenye ankara.