Mtoto Anakwenda Chuoni: Je, Hati Zake Zinasema Kweli?

(Asili ya maneno haya ni darsa iliyotolewa msikitini, Tanga, baina ya Magharibi na Isha.)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa Julai, na ifikapo Oktoba au Novemba stendi ya Kange hujaa wazazi wanaowaaga vijana wao: huyu wa Dar es Salaam, yule wa Dodoma, mwingine wa Morogoro. Godoro limefungwa, sanduku limejaa, dua imesomwa. Kinachosahauliwa ni bahasha ya karatasi. Nasi ni umma ambao aya ndefu kuliko zote katika Kitabu chake, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuteremka kuhusu swala wala hija, bali kuhusu kuandikiana deni, na mwandishi wake, na mashahidi wake.

Tuanze na jina, kwani hapo ndipo wengi wanapokwama. Shuleni kijana ameandikwa Mohamedi Rajabu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad Rajab Saidi. Kitambulisho cha Taifa, ambacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, kimetoka kwa sura ya tatu. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu hatushtuki, kwa sababu katika herufi za Kiarabu jina hilo lina maandishi mamoja tu. Kompyuta ya Bodi ya Mikopo haisomi hivyo. Kwake hao ni watu watatu. Na sisi wenyewe yalitufika. Tulipokwenda kusoma ng'ambo, shahada yetu ya thanawi ilibeba jina la babu na pasi ikabeba jina la ukoo, tukakaa wiki kadhaa tukithibitisha kwamba sisi ni sisi.

Tofauti ya herufi hutibika kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Liko kubwa zaidi. Hapa pwani kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kheri, wala hatulikatazi. Lakini mjomba anapokwenda kumwandikisha shule humpa jina lake yeye, eti iwe wepesi. Ndugu, huo si wepesi. Suratul Ahzab, katika aya ya 5, imekwisha kukata shauri kwamba watoto huitwa kwa baba zao, na sharia ya nasabu haibadiliki kwa ajili ya daftari la mwalimu. Jina lililoingia shule ya msingi ndilo litakalomfuata hadi kwenye cheti cha Baraza la Mitihani.

Alikuwapo kijana katika madrasa yetu, hodari wa nahau na hesabu pia. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na mjomba, akasoma kwa jina la mjomba. Alipoomba mkopo wa elimu ya juu akasema kweli kuwa ni yatima, akaambiwa alete cheti cha kifo cha baba. Hakikuwapo. Marehemu alifia nyumbani alfajiri, akazikwa kabla ya Adhuhuri, na tukasifu kwamba sunna ya kuharakisha maziko imetekelezwa. Ni kweli imetekelezwa. Ila baada ya hapo hakuna aliyekwenda kuandikisha. Kijana akazunguka kati ya ofisi ya mtendaji na ya wilaya mpaka dirisha la maombi likafungwa, mwaka ukampita.

Sheria ya nchi inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na kizazi ndani ya siku 90. Sasa fikirini: mjane yumo edani miezi minne na siku kumi. Siku 30 zinamalizika yeye yumo ndani, na si adabu kumsukuma kwenye foleni. Jukumu hili ni la ndugu wa marehemu. Wanaopanga khitma na chakula cha wageni wampange pia mtu mmoja wa kwenda kwa mtendaji kuchukua taarifa ya kifo, kisha wilayani. Aliyechelewa asikate tamaa, kwani usajili wa kuchelewa upo, ila una mlolongo mrefu na hautimizwi katika wiki ya mwisho ya maombi. Vyeti hivyo huhakikiwa na RITA kabla ya maombi ya mkopo. Na waliozaliwa Unguja na Pemba, nao ni wengi katika mji wetu, uhakiki wao uko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar.

Ama mkopo wenyewe, wapo wazazi waliowazuia watoto kwa kuogopa riba. Hofu hiyo haikuwa ya bure: ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani, ikaondolewa mwaka 2021. Anayeuliza hukumu leo asiulize kwa habari za zamani. Amchukulie shekhe mkataba wa mwaka huu, wausome pamoja mstari kwa mstari. Na wewe unayeombwa kutia saini ya mdhamini, jua kwamba dhamana katika fiqhi ni jukumu juu ya shingo yako. Usitie saini kwa kuona haya.

Limebaki moja. Akitimiza miaka 18 kijana husaini mwenyewe. Ikiwa ana fungu katika mirathi, nyumba ya Ngamiani au mnazi wa Pangani, naye anakwenda mbali miaka mitatu, amwandikie mtu uwakala kwa wakili, utaje mipaka yake. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari amnunulie kondoo, uwakala ni sunna iliyo hai. Na asitie saini karatasi tupu, hata kwa ami yake.

Kesho baada ya Alasiri tutakaa hapa barazani na wenye fomu. Kila mzazi aje na vyeti vyote vya mtoto, na kijana mwenyewe aje.

Wabillahi tawfiq.