Dawa ya Kifafa na Mama wa Umri wa Kuzaa



Leo tuzungumze jambo linalonong'onwa tu jikoni. Mama mwenye kifafa akitaka kuzaa, afanye nini na dawa zake? Mmoja atamwambia, "Acha dawa, zitaharibu mtoto." Mwingine atasema, "Wewe usizae kabisa." Wote wawili wanampoteza. Wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima. Hatari kubwa ni mbili: kuacha dawa ghafla, na kutumia dawa isiyomfaa mama.

Tuanze na kuacha. Dawa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mara kwa mara bila mgonjwa kupata fahamu. Mama anaweza kuanguka motoni au mtoni, akafa yeye na mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo usiache wala usipunguze dawa bila daktari, hata kama umeshajua una mimba.

Pili, dawa hizi si sawa. Iko moja inaitwa valproeti, wengi wanaijua kwa jina la Epilim. Inazuia kifafa vizuri, lakini kwa mimba ni mbaya. Kwa kawaida, katika watoto 100, kama 2 au 3 huzaliwa na kasoro kubwa. Mama akitumia valproeti wanafika kama 10: uti wa mgongo ulio wazi, moyo wenye kasoro, mdomo uliopasuka. Tena watoto 30 hadi 40 katika 100 huchelewa kusema na kutembea, au hupata shida ya masomo. Ndiyo maana mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe valproeti. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zimeonekana salama zaidi. Kama binti yako anatumia Epilim, usiitupe. Mpeleke kwa daktari abadilishiwe polepole.

Tatu, wakati. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 za kwanza, kabla mama wengi hawajajua wana mimba. Kungoja kliniki ya waja wazito ni kuchelewa. Zungumza na daktari mapema, na umuulize juu ya vidonge vya foliki, ambavyo mama mwenye kifafa huanza kabla ya mimba.

Nne, fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kuzuia mimba. Mama anadhani amejikinga, kumbe hapana. Nesi akikuuliza habari ya uzazi, mwambie dawa zako zote, usimfiche.

Na siku ikifika, jifungulie hospitali. Baadaye nyonyesha kama akina mama wengine. Akina mama wengi wanaotumia dawa hizi hunyonyesha bila shida; mtoto akilala kupita kiasi au akishindwa kunyonya, mpeleke kliniki.

Sasa kikundi kifanye nini? Kwanza tuache kumkimbia mgonjwa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu. Pili, kwenye mkutano ujao tuulizane polepole, nani nyumbani kwake kuna msichana anayetumia dawa ya kifafa? Jina la dawa liandikwe kwenye daftari lake la kliniki, si "ile nyeupe." Tatu, pesa kidogo ya kikundi iwekwe kwa nauli na dawa, kwa sababu wengi huacha dawa kwa kukosa pesa, si kwa ukaidi. Na waume waende kliniki pamoja na wake zao. Mtoto ni wa wawili.

Daktari aulizwe maneno matatu tu: Dawa hii inaitwaje? Je, inafaa nikipata mimba? Kama haifai, nibadilishiwe lini?