Tarehe ya Mfungwa: Mahakama Zinavyosoma Kanuni za Rufaa Inayopitia kwa Mkuu wa Gereza

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa mahakimu, maafande wa magereza na wasaidizi wa kisheria mliotoka Tarime na Serengeti,

Nitazungumzia karatasi moja tu: notisi ya nia ya kukata rufaa. Mara nyingi haizidi nusu ukurasa. Chini ina dole gumba la mfungwa, pembeni mhuri wa gereza, na tarehe iliyojazwa kwa kalamu. Tarehe hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atasikilizwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya siku 10 za kutoa notisi, na siku 45 za kuwasilisha petisheni ya rufaa, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Kifungu tulichokizoea kwa namba 363 kinamruhusu aliye gerezani kumkabidhi mkuu wa gereza petisheni yake, naye aipeleke kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Lakini siku zinakoma kuhesabiwa lini? Karatasi inapotoka mkononi mwa mfungwa, au inapogongwa mhuri masjala?

Kwa rufaa za ngazi ya juu jibu lipo. Kanuni ya 75 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inaondoa kwenye hesabu siku za mfungwa kufikishwa gerezani, na siku ambazo karatasi imelala kwa mkuu wa gereza. Inamtaka pia mkuu huyo aandike tarehe na saa aliyoipokea. Kwa rufaa za kwenda Mahakama Kuu, majaji wamelazimika kufika hapo kwa tafsiri, hasa mfungwa anapoomba kuongezewa muda. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba mfungwa hana mamlaka juu ya mambo yake. Akishakabidhi karatasi, yaliyobaki yako kwa wengine.

Tafsiri hiyo naiunga mkono. Ila majaji hawaipokei kwa maneno matupu: wanataka mhuri, au kiapo cha afisa wa gereza. Kwa hiyo aliyecheleweshwa na ofisi anaitegemea ofisi ileile ikiri kwa kiapo kwamba ilimchelewesha. Maafande mliopo mnajua ombi hilo lilivyo zito kuliandika.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Tazameni mashauri ya Mugumu, wilayani Serengeti. Mtu anakamatwa hifadhini na panga, nyaya za kutegea na nyama ya nyumbu; kosa la kupatikana na nyara za Serikali linaweza kumfunga miaka 20. Nyama huoza, hivyo hakimu huamuru iteketezwe, na kwenye kesi inaletwa fomu badala ya nyama. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba mshtakiwa lazima awepo na apewe nafasi ya kusema kabla amri hiyo haijatolewa. Bila hivyo fomu haina nguvu dhidi yake. Hoja hiyo imewatoa gerezani wafungwa kadhaa. Lakini haifunguliwi mdomo mpaka rufaa iwe halali kwa tarehe. Mwenye hoja nzuri na notisi iliyochelewa anaendelea kutumikia miaka yake.

Zamani faili za Tarime na Serengeti zilikwenda Mwanza. Mahakama Kuu kuwa na masjala Musoma kumefupisha safari, si zaidi. Mfungwa akihamishiwa gereza la Butimba, Mwanza, nakala ya hukumu inaweza kuletwa gereza alilokwisha kuondoka.

Napendekeza kila gereza liwe na daftari la notisi, na mfungwa abaki na kipande chenye mhuri, tarehe na saa, ahame nacho. Mawakili wa Serikali nao, mhuri ukionyesha karatasi ilikabidhiwa ndani ya siku 10, wasiweke kabisa pingamizi la muda. Najua baadhi yao hapa hawakubaliani nami. Ningeomba hilo ndilo tuanze nalo baada ya chai.