Sindano ya Steroidi kwa Maumivu ya Paja

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Katika ziara za ukaguzi nimesikia malalamiko ya namna moja kutoka kwa watunza ghala na wapima mazao: paja huwaka moto upande wa nje, au huingia ganzi, hasa baada ya kusimama muda mrefu. Wengine huomba mkopo chamani ili wakachomwe sindano dukani. Kabla ya kupitisha mkopo huo, yafaa tuelewane.

Mara nyingi chanzo ni neva moja ichukuayo hisia za ngozi ya paja. Neva hiyo hupita kinenani chini ya ukano, karibu na ncha ya mfupa wa nyonga, na hapo huweza kubanwa na mkanda uliokazwa, kitambi au ujauzito. Kisukari nacho huweza kuidhuru. Daktari Mjerumani, Martin Bernhardt, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1878. Neva hiyo haiendeshi msuli wowote. Hivyo mguu ukilegea, au haja ikishindwa kuzuilika, tatizo ni jingine, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

Tiba ya kwanza haina gharama: kulegeza mkanda, kuondoa funguo na zana kiunoni, kupunguza uzito. Wengi hupata nafuu kwa hayo. Maumivu yakidumu, daktari huweza kuchoma steroidi pamoja na dawa ya ganzi pale neva inapobanwa, akiongozwa na mashine ya ultrasaundi. Dawa ya ganzi hutuliza kwa saa chache, na kumwonyesha daktari kuwa ameipata neva yenyewe. Steroidi hupunguza uvimbe, na nafuu yake huweza kudumu wiki kadhaa au miezi. Lakini haiondoi kitu kinachobana. Tena huweza kupandisha sukari mwilini kwa siku kadhaa. Mwenye kisukari amwarifu daktari mapema.

Sindano ya matakoni dukani haiilengi neva hiyo, na steroidi ikirudiwa ovyo huudhuru mwili, mifupa ikiwamo.

Ndugu Makatibu, hampitishi malipo pasipo hati. Basi mwombaji wa mkopo wa sindano naye aelekezwe kwanza kwa daktari, ili jasho la mkulima linunue tiba, lisinunue hasara.