Gunia Halipimwi kwa Konzi Moja

Mazungumzo ya leo yanahusu watafiti wa biokemia, watu wanaochunguza jinsi kemikali zinavyofanya kazi ndani ya viumbe hai. Yanahusu pia gunia la mahindi, kwa sababu ni kupitia gunia hilo kazi yao inafika jikoni kwenu.

Kitale si ngeni kwa utafiti. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale, ambacho leo kiko chini ya shirika la KALRO, ndicho kilichotoa mbegu chotara ya H611 mwaka wa 1964, baada ya kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ecuador. Mbegu bora mkulima huiona kwa macho: bua ni nene na kibuyu cha mahindi kimejaa punje. Kazi ya biokemia haionekani hivyo. Mtu akiingia maabara huona makoti meupe, chupa na majokofu, na jibu la kila mara ni moja: subiri.

Chukueni mfano wa mkulima wa Kiminini mwenye magunia 30 ghalani. Mvua ya Novemba iliyakuta mahindi yakiwa bado shambani, na karo ya Januari inakaribia. Mnunuzi wa Bungoma yuko tayari kuyachukua, ila anataka uthibitisho kwamba hayana sumu. Mkulima anachota konzi moja juu ya gunia la kwanza, anaifunga kwenye karatasi na kuipeleka maabara, akitumaini jibu kabla ya jioni. Anaambiwa arudi akachote upya, na matokeo aje kuyachukua baada ya siku kadhaa. Anaondoka amekasirika. Je, amedharauliwa?

Hapana. Sumu inayotafutwa ni aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na jina la sumu limetokana na jina hilo. Ilianza kujulikana mwaka wa 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kula chakula chenye mashudu ya njugu karanga zilizoota kuvu. Hapa Kenya, mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Wanabiokemia ndio walioeleza jinsi sumu hiyo inavyodhuru. Aflatoksini ikiingia mwilini hupelekwa kwenye ini. Huko kuna vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kemikali moja kuwa nyingine, na kazi ya baadhi yavyo ni kusafisha mwili. Vinapojaribu kuivunja aflatoksini, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachojishikiza kwenye DNA, yale maagizo ya uhai yaliyomo ndani ya kila seli. Maagizo yakiharibika, saratani ya ini inaweza kuanza, hata miaka mingi baadaye. Kwa ng'ombe, sehemu ya sumu hugeuzwa na kutoka katika maziwa. Kwa hiyo anayemtupia ng'ombe mahindi yaliyooza ili yasipotee bure, huenda akayanywa asubuhi katika chai.

Wapo wanaosema moto humaliza kila kitu. Kitale iko juu sana, na maji huchemka huko kabla hayajafika nyuzi 100. Aflatoksini hustahimili joto kubwa kuliko hilo. Sufuria ya ugali au githeri haiwezi kutegemewa kuiondoa, wala kuyachachusha mahindi kuwa busaa si njia ya kuyasafisha.

Macho nayo hudanganya. Kuoza kwa mahindi katika nyanda za juu zenye baridi mara nyingi huletwa na kuvu nyingine, za jamii ya Fusarium, zenye rangi nyeupe au ya waridi, nazo zina sumu zake. Punje inayong'aa inaweza kuwa na aflatoksini, na yenye ukungu inaweza kuwa na sumu nyingine kabisa. Ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Sasa turudi kwa ile konzi moja. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi. Katika gunia la kilo 90, hiyo haifiki miligramu moja, uzito kama wa chembe moja au mbili za sukari. Tena sumu hiyo haikuenea sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na za pembeni yake zikawa safi. Konzi iliyochotwa juu ya gunia hutoa habari za konzi hiyo tu. Kwa hiyo mtaalamu hutumia bambo, kile chuma chenye mfereji, kuchoma magunia mbalimbali, juu, katikati na chini. Yote yaliyotoka huchanganywa, husagwa, kisha hupimwa kiasi kidogo cha unga huo. Kinu husafishwa kabla ya sampuli nyingine, ili mahindi ya jirani yasije yakamtia mtu hatiani.

Unga huchanganywa na kimiminika kinachoitoa sumu, kisha huchujwa. Njia moja ya kupima, iitwayo ELISA, hutumia kisahani chenye vishimo 96 vidogo. Ndani ya vishimo kuna kingamwili, protini zinazoitambua aflatoksini na kuishika. Sumu ya sampuli hugombania nafasi na aflatoksini nyingine iliyofungwa kwenye kimeng'enya kinacholeta rangi. Sumu ikiwa nyingi, kimeng'enya hukosa nafasi na rangi hufifia. Rangi ikikolea, sumu ni kidogo. Asiyejua angesoma kinyume na kumwaga mahindi mazuri.

Kwa sababu hiyo hakuna sampuli inayosomwa peke yake. Kwenye kisahani hichohicho huwekwa vimiminika ambavyo kiasi chake cha sumu kinajulikana, na kimoja kisicho na sumu kabisa. Kila sampuli hurudiwa mara mbili au tatu. Vile vinavyojulikana vikitoa jibu lisilo lao, kisahani kizima hutupwa na kazi kuanza upya. Kingamwili hutaka jokofu, na umeme ukipotea usiku, asubuhi ya mtafiti huanza kwa kuangalia kama dawa zake bado zinafaa. Nyingine huagizwa kutoka ng'ambo, na kuzisubiri ni sehemu ya kazi. Mwanafunzi anayeanza hufundishwa kwanza kuandika: daftari huandikwa kwa wino, ukurasa hauchanwi, na kosa hupigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Atakayekuja baada yake anahitaji kujua pia kilichoshindikana.

Mkulima wa Kiminini anahesabu siku hizo kama hasara, na haki yake, karo haingoji. Lakini jibu la haraka lisilo la kweli lina wa kulilipia. Likisema mahindi ni mabaya kumbe ni mazuri, mkulima anapoteza jasho la mwaka. Likisema ni mazuri kumbe ni mabaya, anayelipa ni mtoto anayekula uji Bungoma, ambaye hajui hata Kiminini iko wapi.

Sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa nyumbani kabla ya maabara. Vuneni mahindi yakikauka na kuyatoa shambani mapema. Yaanikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Tengeni vibuyu vilivyooza kabla ya kupukuchua, na msiwape mifugo. Kausheni hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise vizuri, kisha aiache dakika kadhaa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

Na mkiyapeleka kupimwa, chukueni kutoka kila gunia, kisha mwulizeni mtaalamu amepimaje. Mwenye daftari safi hataona vibaya kuulizwa.